Kumwambia Noi kwa Maneno ya Mapokezi

Jumatano, wiki ya kwanza ya Aprili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka mchana huu haijaamua kama inaondoka au inabaki. Bati linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kabati, nimeweka beseni.

Rehema na Salma wa mapokezi, siku ile mliponiaga kwa keki na kitenge, mliniomba niwaandikie maneno ya Kithai ninayoyajua, pamoja na habari za majina ya miji yetu, kwa sababu wageni hawachoki kuuliza kwa nini mji huu unaitwa hivi na ule vile. Nilisema ni kazi ya asubuhi moja. Sasa ni siku ya tatu na nimechana karatasi nyingi. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui kama naandika inavyotakiwa. Mkiona nimekosea mahali, huenda nimekosea kweli.

Siku yangu ya kwanza gesti alinipokea Bi Hadija, ambaye nyinyi mmemkuta mzee tayari, anakuja tu kunywa chai na kukosoa vitanda. Wakati huo alikuwa mkuu wa vyumba. Mimi nilikuwa msichana kutoka Rondo, nazungumza Kiswahili chenye Kimwera ndani yake, na niliogopa vitasa vya milango. Hakuniuliza jina. Alinipa shuka akaniambia, "Tandika." Nikatandika. Akalivuta lote likaanguka chini. "Tandika." Mara ya tatu alikaa juu ya kitanda, akalala, akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Mgeni anajua yuko kwao au yuko ugenini kwa miguu," alisema huku macho yamefumba. "Shuka likimwacha miguu nje, amekwisha kujua."

Mpaka leo nachomekea upande wa miguu kwanza. Alinifundisha na kubisha hodi: unabisha, unataja jina lako, unangoja, unabisha tena, ndipo unafungua, na unafungua kwa kunusa. Chumba cha mtu mwenye afya kina harufu yake, na cha mgonjwa kina yake. Alinifundisha kuweka ndoo ya maji chooni kabla mgeni hajagundua kwamba bomba halitoi, maana akigundua mwenyewe anakasirika, na akiikuta ndoo anashukuru, na maji ni yaleyale. Chandarua usikifunge fundo, kinapasuka. Kisokote, kitupe juu ya fremu.

Wageni wa mwanzo walikuwa maofisa, wafanyabiashara wa korosho, na mara chache Wazungu waliotoka kuangalia magofu ya Kilwa. Hao ndio walionifundisha kwamba mtu anaweza kulipa kitanda ili aulize majina. Nilikuwa sijui kitu. Nikaanza kuwauliza wazee, na kila mzee alikuwa na lake, kwa hiyo nawaandikia yote, msichague kwa niaba ya mgeni.

Kivinje ya Kilwa wanasema ni kwa ajili ya mivinje, ile miti mirefu ya pwani inayovuma kama mtu anapumua. Hiyo sijasikia anayeipinga. Mikindani wanasema ni mikinda, minazi michanga. Mnazi Mmoja yetu ya Lindi ni mnazi mmoja, lakini msimpeleke mgeni kuutafuta. Mimi nimepita pale miaka yote na nimeona minazi mingi na hakuna aliyenionyesha ni upi. Kilwa yenyewe sijui. Nimeambiwa mambo matano na aliyeniambia la tano alikuwa amelewa. Lindi, wapo wanaosema inatokana na kulinda, kwamba hapa palikuwa pa kulindia. Wapo wanaosema ni lindi lenyewe, yaani shimo refu, kwa jinsi mji ulivyokaa chini na vilima vimeuzunguka. Mzee mmoja aliniapia la kwanza na kaka yake akaniapia la pili, wakiwa wamekaa benchi moja. Sina la kuwaamulia.

Wathailand walianza kuja mawe ya vito yalipopatikana huko bara. Walikuwa wananunua machimboni, wanarudi kwetu kuoga na kulala, kisha wanakwenda Dar. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo Bi Hadija aliwasamehe mengi. Walikuja na masufuria yao ya umeme ya kupikia wali, wakiyachomeka yote kwa pamoja gesti nzima inaingia giza, na katika giza unawasikia wanacheka.

Aliyenifundisha maneno ni Prasit. Mtu mfupi, mnene, wa makamo, mwenye kipara alichokipaka mafuta kila asubuhi kama mtu anayesugua sufuria. Alikuja miaka mingi, kila mwaka zaidi ya mara moja, na kila mara aliomba chumba kilekile cha kona. Alikuwa na mkalimani, Shaibu, kijana wetu wa Kitomanga aliyewahi kuishi Bangkok na wafanyabiashara wa mawe, lakini Shaibu alikuwa mtu wa machimboni. Gesti tulibaki mimi na Prasit, kila mmoja na maneno yake kumi.

Haya ndiyo mliyoyataka. Nayaandika kama ninavyoyasikia, wao wana herufi zao ambazo kwangu ni kama nyuzi za kufuma. *Sawatdii khaa* ni salamu, saa yoyote. Mwanamke anamalizia *khaa*, mwanamume *khrap*, msichanganye, watacheka. *Khop khun khaa* ni ahsante. *Thao rai* ni bei gani. *Hong naam* ni choo. *Ron* ni joto, mtaisikia sana. *Phet* ni pilipili kali. Akikuuliza chakula ni *phet* ujue anatumaini kwamba ni kikali, si kwamba anaogopa. *Yuu nai* ni yuko wapi, au kiko wapi. *Kii khon* ni watu wangapi. Hilo ni letu la mapokezi, unauliza kabla hujatoa funguo. *Khon diao*, yuko peke yake. *Song khon*, watu wawili. *Mai sabaai*, hajisikii vizuri. Na lile nililolitumia kuliko yote, *mai mii*, hakuna. *Mai mii naam*, hakuna maji. *Mai mii fai*, hakuna umeme. Prasit alipenda kunisikia nikisema *mai mii*. Alikuwa anafungua mlango asubuhi na kunitangulia: "Mama Somoe! Mai mii?" Namjibu, "Mai mii!" Anarudi ndani na ndoo yake.

Mkewe aliitwa Noi. Alipiga simu ya picha kila siku baada ya sala ya alasiri, kwetu bado jua, kwao usiku umeingia. Alikuwa na mgahawa mdogo wa tambi na saa hiyo anakuwa anaosha vyombo, simu ameiegemeza mahali, unamwona anakuja na kuondoka na povu mikononi. Prasit alizoea kukaa kwenye kiti cha mapokezi kwa sababu ndipo mtandao wa gesti unaposhika, kwa hiyo Noi alitujua wote. Mimi aliniita Mama tu. Tulisalimiana, tukaonyeshana vyakula, tukaulizana *ron* na *mai ron*. Ukiwa na maneno hayo unaweza kudhani unamjua mtu. Na labda nilimjua.

Siku moja Prasit aliniuliza Lindi maana yake nini. Shaibu alikuwepo, akafasiri. Nikampa zote mbili, ulinzi na shimo. Ya ulinzi aliitikia kwa kichwa. Ya shimo alimgeukia Shaibu akamwambia maneno marefu, na Shaibu hakutaka kunifasiria mpaka nilipomsukuma.

"Anasema kule machimboni wiki iliyopita shimo lilifukia watu na yeye alikuwepo. Aliwasikia. Anasema yeye baba yake alichomwa moto kwa desturi yao, jivu likawekwa hekaluni, na yeye akifa asitiwe chini ya udongo. Anasema hawezi kulala chini ya udongo."

"Mwambie tumepika samaki wa nazi," nilisema. Aliambiwa, akacheka, tukaendelea.

Mwaka ule wa msiba mvua zilikuwa kama hizi. Prasit alirudi usiku kutoka machimboni amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, anatetemeka. Shaibu alibaki kule na mzigo na daraja lilipokatika akawa hatoki na simu yake haipatikani. Mwenye gesti, Bwana Fazal, ambaye ni mtu mwema ingawa hatengenezi mabati, alimpakia Prasit palepale akampeleka hospitali. Simu yake Prasit aliiacha kaunta kwenye chaji. Alinipa kwa mkono wake. Alisema, "Mai sabaai, Mama," nami nikamwambia, "Mai sabaai," kama mtu anayemrudishia salamu.

Siku ya pili baada ya adhuhuri Bwana Fazal alirudi, akasimama mlangoni na mvua inamchuruzika, haingii.

"Amekwenda, Bi Somoe."

"Amekwenda wapi?" nilisema, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Madaktari wamejitahidi. Malaria ilishapanda kichwani. Amekwenda."

Sitaki kuandika nilivyokuwa. Naandika lililotakiwa kufanywa. Bwana Fazal alisema umeme wa mji mzima unakatika kwa sababu ya mvua, na pale wanapohifadhi maiti hawawezi kuahidi. Wahusika wa hospitali walimwambia kwa upole: huyu ni mgeni, hana ndugu hapa, kama hakuna neno kutoka kwa watu wake azikwe kesho asubuhi kwenye makaburi ya mji. Kama lipo neno jingine, waambiwe leo. Ubalozi haukupokea simu, ilikuwa sikukuu huko kwao au huku kwetu, sikumbuki na sitaki kuwasingizia. Simu ya Prasit ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Haipigi. Inapokea tu.

"Alasiri atapiga mkewe," nilisema.

Bi Hadija alikuwa ameshafika, habari ilimfikia kabla ya sisi kumaliza kuambizana. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, mtandio umelowa.

"Mwambie anaumwa," alisema. "Leo mwambie anaumwa. Kesho mwambie amezidiwa. Hapo watu wake watakuwa wamekwisha kujisogeza nyumbani kwake, wataelewa wenyewe, na yeye ataelewa kwa kuwaona. Ndivyo inavyofanywa."

"Kesho atakuwa kaburini, Bi Hadija. Na alisema asizikwe."

"Alikwambia wewe?"

"Alimwambia Shaibu, Shaibu akaniambia."

"Basi si wasia. Mwenye kusema ni mke. Na mke haambiwi msiba kwenye simu, peke yake, na mtu asiyejua hata kumwambia pole kwa lugha yake. Unajua pole kwa lugha yao?"

"Sijui."

"Haya."

Nataka nimtendee haki Bi Hadija, kwa sababu wengi walimwona mgumu siku ile. Mwanawe wa kiume alifia Dar, na yeye alipata habari kutoka kwa utingo wa basi aliyepiga kelele dirishani, "Mama Hamisi, poleni na msiba!" akidhani ameshaambiwa. Alikuwa sokoni na kikapu kichwani. Anajua anachokisema kuliko mimi.

Lakini nililiwaza neno lake na nikaona haliwezekani, si kwa ubaya wake. Kumwambia mtu msiba kwa taratibu kunataka maneno mengi. Unazunguka, unasema hali yake si nzuri sana, unasema tumwombee, unasema Mungu ndiye anayejua, na sauti yako inafanya nusu ya kazi. Mimi maneno yangu yalikuwa ya kuuliza maji na funguo. Hayazunguki. Nikisema *mai sabaai*, Noi atajua mumewe ana homa, atakwenda kulala, na kesho mume atakuwa ndani ya udongo.

Bwana Fazal alijaribu simu yake, ile programu ya kutafsiri. Aliandika, ikatoa zile nyuzi. Tukazitazama. "Nani anajua imeandika nini?" alisema. "Inaweza ikawa imeandika mgonjwa, inaweza ikawa imeandika mzoga." Akaizima. Leo pengine mashine hizo zimekuwa bora na nyinyi mngezitumia. Siku ile tuliogopa.

"Utamwambia?" Bwana Fazal aliniuliza.

"Akiwa peke yake sitamwambia," nilisema, na Bi Hadija akaguna, sikujua kaguna kukubali au kukataa.

Simu iliita baada ya alasiri. Nilijifunga mtandio vizuri, sijui kwa nini. Noi alitokea na povu mikononi, nyuma yake sufuria zimepangwa.

"Mama! Sawatdii khaa! Prasit yuu nai?"

Prasit yuko wapi. Nikasema, "Sawatdii khaa, Noi." Halafu nikauliza lile swali letu la mapokezi. "Kii khon?"

Akacheka. Alitazama huku na huku jikoni kwake kana kwamba anawahesabu wageni wake, akainua kidole kimoja chenye povu. "Khon diao!" Peke yake. Akasema na mengine nisiyoyajua, nadhani alisema, unataka kunipangishia chumba?

Nikainua vidole viwili. "Song khon."

"Song khon?" Anacheka.

"Song khon, Noi. Song khon." Nikamwonyesha mlango nyuma yake. Nikakunja mkono, kama unavyomwita mtu aje. Alidhani ni mchezo. Alidhani Prasit amejificha chini ya kaunta na tunamfanyia mzaha, maana aliinama kuchungulia chini ya picha, akaita, "Prasit! Prasit!" kwa ile sauti ya mke anayemjua mumewe. Bi Hadija alitoka nje. Mimi nilibaki na vidole vyangu viwili hewani. Sikutabasamu, lakini labda uso wangu kwenye simu ulikuwa mdogo na hakuuona.

Mwisho, kwa kuona siachi, alifuta mikono, akatoka, akarudi anamvuta mwanamke mzee, jirani yake, amevaa nguo ya kulalia, wote wawili wanacheka. Wakakaa mbele ya simu. Noi akahesabu: mmoja, wawili. Haya.

Ndipo nilipoliweka lile neno nililokuwa nalo.

"Noi. Prasit mai sabaai." Nikangoja kidogo. Kicheko kilipungua. "Prasit mai mii."

Hakuna. Kama unavyosema maji.

"Mai mii?" alisema. "Pai nai?" Amekwenda wapi.

Nikatikisa kichwa. Nikaunganisha viganja kama wanavyofanya wao, nikainamisha paji la uso juu yake, nikafumba macho. Nilipofumbua, yule mzee alikuwa ameshaelewa, kwa sababu mkono wake ulikuwa umemzunguka Noi na Noi bado ananitazama mimi, anangoja nimalizie. Kisha naye akaelewa. Simu ilianguka. Tuliona dari la jikoni lao muda mrefu, taa ndefu nyeupe na mjusi. Sauti ilikuwa ile ile tunayoijua hapa. Haina Kithai wala Kiswahili.

Bwana Fazal alinong'ona nyuma yangu, "Bi Somoe. Neno la kesho." Nilimchukia kwa hilo, lakini alikuwa sahihi, jua lilikuwa linashuka.

Aliyeiokota simu ni yule mzee. Sikuwa na neno la kuzika wala la kuchoma maiti. Nikachukua jembe dogo la bustani lililokuwa nyuma ya mlango, nikamwonyesha, nikaonyesha chini. Halafu nikachukua kiberiti, nikawasha njiti mbele ya simu. Nikauliza tena kwa macho: hiki au kile. Mzee akamgeukia Noi, akamweleza. Noi aliuleta uso wake karibu kabisa. Ulikuwa umevimba ndani ya dakika hizo chache kama uso wa mtu mwingine. Aliitazama njiti mpaka ikaniunguza, nikaitupa, nikawasha nyingine, naye akainyooshea kidole.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Yaliyofuata yalifanywa na wanaume. Mji mzima ulisema, kumchoma mtu! Wapo waliokuja mpaka kaunta kuniuliza kama nimerogwa. Sheikh wa mtaa alipoulizwa alisema mtu huagwa kwa dini yake, na wengi wakanyamaza. Bwana Fazal alipiga simu kwa rafiki wa marehemu baba yake, Mhindi aliyehamia Dar, akaelekezwa mahali walipokuwa wakichomea watu wao zamani nje ya mji, na namna kuni zinavyopangwa. Wahusika waliridhia. Kuni zilikuwa za mikorosho mizee, mbichi kwa mvua, na walikesha wakizifunika kwa maturubai. Mimi sikwenda. Kesho yake nilifua shuka za chumba cha kona, nikazianika ndani kwa ndani, zikakaa siku tatu bila kukauka.

Bi Hadija hakusema nami mpaka Ramadhani. "Umemrushia mtu msiba kama unarusha taulo," aliniambia siku alipovunja kimya. Nikamwambia nilihakikisha kuna wa kumshika. Akasema, "Kumshika ni kabla, Somoe. Wewe ulimshikisha wakati anaanguka." Nimelifikiria hilo nikiwa natandika, nikiwa nasugua, na kama ningekuwa na jibu leo ningeliandika hapa.

Shaibu alipotoka machimboni alizungumza na Noi kwa simu jioni nzima, kisha akalipeleka jivu Dar kwa Mthai aliyekuwa anarudi kwao. Alinifundisha neno ambalo ningelisema: *mai yuu leeo*. Hayupo tena. Lijueni, Rehema. Salma, lijue. Linasemwa kwa mtu. Lile langu lilikuwa la ndoo.

Noi hakunipigia. Nilimwomba Shaibu, kila alipokwenda Bangkok, amsalimie. Safari mbili alirudi na salamu za adabu tu. Safari ya tatu nilimbana, nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu mzima, niambie alichosema.

"Bibi, achana nayo."

"Sema."

Alikuwa anachezea ufunguo wa pikipiki. "Anasema anajua ulifanya kwa wema. Yule jirani yake ndiye amebaki naye mpaka leo, hata wanalala nyumba moja. Anashukuru kwa moto, anasema usingempa moto angekuja kumfukua kwa mikono." Akautia ufunguo mfukoni.

"Na?"

"Anauliza kwa nini ulimfanya acheke kwanza. Anasema mumewe alikuwa amelala mfu na yeye anamwita kwa kicheko, anachungulia chini ya meza. Anasema kila akiosha vyombo anajisikia anacheka. Mengine yote amekwisha kuyapokea. Hilo anasema hawezi, na akiuona uso wako ndilo litakalorudi. Usimpigie, bibi."

Nilimwambia Shaibu nimesikia. Sikumpa maelezo ya kumpelekea, ingawa ninayo, kwamba kwetu mtu hapokei msiba akiwa peke yake, kwamba vidole viwili vilikuwa heshima, na kwamba sikuwa na neno jingine la kumwita jirani. Yote ni kweli. Na alilosema yeye ni kweli pia. Nimeyapima miaka hii na hakuna linalozidi.

Mvua imepungua, naweza kumwaga beseni. Jioni tumekula ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na dagaa waliobaki jana. Mume wangu alisema chumvi imezidi. Nilionja tena, kweli ilikuwa imezidi.